Siku Khocha Alipokohoa

"Khocha, wewe ulipotahiriwa, iliuma?"

Niliuliza hivyo Kabuchai, mbele ya watu, mwezi wa nane, nikiwa darasa la pili. Kwetu Wabukusu khocha ni kaka ya mama, na wangu anaitwa Wakhungu. Siku hiyo ndugu yangu Kizito alikuwa amekimbia hadi kwake akipiga njuga, kama desturi inavyomtaka kijana ambaye kesho yake atatahiriwa. Khocha akamchinjia ng'ombe, akamvisha kipande cha nyama shingoni. Akamwambia asipepese jicho wala kutingisha hata kidole, kwa sababu kisu kinapita lakini maneno ya watu hayapiti.

Mimi nilitaka tu kujua. Kama haiumi, mbona aonywe hivyo? Na kama inauma, mbona hakuna anayesema?

Wanaume walicheka. Mama alinifinya. Khocha akanyoosha kidole kwa ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa juani, akasema, "Muulize huyo."

Lakini swali halikuisha.

Khocha Wakhungu ni mtu wa kisiagi. Alitoka Kabuchai akiwa kijana, ambako sasa hurudi kwa sherehe tu, akaajiriwa Kachibora kusagia watu mahindi, mpaka siku moja kisiagi kikawa chake. Nyusi zake huwa nyeupe wiki nzima isipokuwa Jumapili. Huongea kwa sauti kubwa hata kanisani, maana amezoea kushindana na injini. Mahindi yakianza kuingia kwenye mashine, anaweza kukupa mgongo na bado akakuambia, "Mama, haya yako hayajakauka, yarudishe juani." Sijawahi kuelewa anayasikiaje.

Kwa hivyo pumzi ilipoanza kumpotea, mimi sasa nikiwa sekondari, alilaumu unga. Alifunga kitambaa puani akaendelea na kazi. Miguu ikavimba, akalaumu viatu. Akaanza kulala ameketi, akalaumu godoro. Halafu asubuhi moja aliinua debe la mteja, akaketi nalo chini katikati ya foleni, na hakuweza kusimama. Akina mama waliokuja kusaga ndio waliombeba.

Ilibainika kwamba vali moja ya moyo haifungi. Vali ni kama mlango: damu ikishapita, unafunga ili isirudi nyuma. Wa Khocha ulikuwa umekauka na kupinda. Daktari alisema huenda uliharibiwa na ugonjwa wa koo wa utotoni ambao haukutibiwa vizuri. Hapo ndipo niliposhangaa kabisa. Koo la mtoto wa Kabuchai linawezaje kungoja miaka yote hiyo, halafu ndipo libomoe mlango ulio kifuani? Nilimuuliza mwalimu wa bayolojia. Akaniambia hilo swali nitalikuta chuo kikuu.

Walimfanyia upasuaji Eldoret. Walipasua mfupa wa kifua kwa msumeno, wakasimamisha moyo huku mashine ikisukuma damu badala yake, wakaweka vali ya chuma, kisha wakafunga mfupa kwa waya. Aliporuhusiwa kutoka, mkewe alibaki Kachibora na watoto na kisiagi, naye akaletwa kwetu Kitale, mtaa wa Kibomet, karibu na kliniki.

"Waya gani, Khocha? Kama ya ua?" nilimuuliza kabla hata hajaketi vizuri.

"Kama ya kibanda cha kuku. Sasa mimi ni boma. Kuwa mpole na mimi, nisifunguke."

Alikuja na mfuko wa dawa, mto mdogo mgumu, na kifaa cha plastiki chenye mipira mitatu. Unavuta hewa kwa mdomo na mipira inapanda, ili mapafu yaliyolala wakati wa upasuaji yaamke. Mto ni wa kukumbatia kifuani wakati wa kukohoa, mfupa usitikisike. Masharti yalikuwa mengi: asiinue kitu kinachozidi birika la chai, asijisukume kwa mikono anapoamka, alale chali, atembee kidogo kidogo, na akohoe kwa nguvu kila baada ya muda. Kukohoa ndiko daktari alikokazia zaidi.

Nilikuwa nimesikia ati penye kimya unaweza kusikia vali ya chuma ikigonga. Nikamwomba niweke sikio karibu na shati.

"Unasikia nini?"

"Tumbo."

"Huo ni uji wa mama yako. Mwambie umekuwa mwepesi."

Siku ya kwanza tulicheka hivyo. Siku ya pili alikuwa mkimya. Ya tatu aliketi kwenye kiti cha mbao toka asubuhi, mgongo wima, na alipovuta kile kifaa mpira mmoja tu ulijitikisa ukarudi chini. Niliangalia mfuko wa dawa. Za kuzuia damu isigande zilikuwa zimepungua, na za kutoa maji mwilini pia. Zile nyeupe kubwa za maumivu zilikuwa vilevile zilivyotoka Eldoret.

Mama alimwita Hasina, muuguzi tunayepakana naye ploti. Alikuja na hijabu yake ya kazini, akamsikiliza Khocha mgongoni kwa muda mrefu, akampima joto. Lilikuwa limepanda.

"Mzee, huku chini hewa haifiki," akasema. "Makohozi yakikaa hapo yanageuka nimonia. Nimonia na moyo ulioshonwa juzi haziendi pamoja. Kohoa nisikie."

Khocha akakohoa. Ilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa nyumba asiyotaka kuingia.

"Hiyo si kukohoa. Dawa ya maumivu umemeza?"

"Haiumi."

"Nimekuuliza kama umemeza."

"Si nimekuambia haiumi, sista?"

Alisema hivyo akiwa ameyakaza macho yake mahali pamoja ukutani, kwenye kalenda, na hakupepesa. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania magoti mpaka kucha zikawa nyeupe. Ule uso niliujua. Ni ule wa Kizito alfajiri ya kutahiriwa kwake uani, akiwa amepakwa matope, mikono juu, watu wote wakimtazama.

"Wakhungu, wewe ni mjinga!" Mama alilipuka. "Hapa nani anakuangalia? Mimi? Mimi nilikuosha kamasi!"

"Sellah, niache."

Hasina hakugombana naye. Alisema tu kwamba akirudi asubuhi akakuta mapafu bado yako hivyohivyo, ataita gari, Khocha arudi Eldoret. Nikamsindikiza hadi langoni.

"Dada Hasina, kwetu mwanaume hasemi inauma."

"Hata kwetu hawasemi," akanijibu. "Lakini kwetu wanakohoa."

Mchana huohuo bodaboda ikaleta mgeni kutoka steji, amekumbatia jogoo mwekundu. Alikuwa Wakoli, anayeuza mbuzi soko la Chwele. Yeye na Khocha ni bakoki, yaani walitahiriwa asubuhi moja, kwa kisu kimoja, mmoja baada ya mwingine. Bakoki wana ruhusa ya kutukanana mpaka kaburini, na hakuna wa kukasirika.

"Niliambiwa wamekupasua kama samaki," Wakoli akasema mlangoni. "Kumbe hata kukupaka chumvi hawajakupaka!"

Khocha akajinyoosha zaidi kitini. Ningependa kusema alifurahi, lakini niliona jasho juu ya mdomo. Akampa mkono, na Wakoli akautikisa vile watu wa kwetu wanavyotikisa, mpaka begani. Uso wa Khocha haukubadilika hata kidogo.

"Mwanaume!" Wakoli akamgeukia Mama. "Unaona huyu? Hata siku ile alisimama kama mti. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona mgongo wake, nikasema, kama huyu anaweza, hata mimi naweza."

Mama akaangalia jogoo. Mimi nikaona hapo tumekwisha. Sasa nani atamwambia akohoe?

Wakoli akapewa chai, akaanza habari za Chwele. "Huko wanasema ati daktari alikosa moyo wa kukutosha, akakuwekea injini ya kisiagi. Mwenye petroli pale steji anauliza kama utakuwa ukichukua dizeli kwake. Na mke wangu anauliza kama usiku utakuwa unalala ama unasaga!"

Khocha akacheka. Hakuwa amepanga. Kicheko kilimtoka tumboni, kikafika kifuani, kikageuka kikohozi, cha kweli sasa, kile alichokuwa amekizuia siku zote hizo. Mto ukaanguka. Akajikunja mbele, akajishika kwa mikono miwili, akalia kwa ile sauti yake ya kushinda injini:

"Mayi wee!"

Mama yangu! Neno hilohilo ndilo ambalo kijana akilitamka mbele ya kisu, anaimbwa nalo mpaka azeeke.

Khocha alibaki ameinama, hataki kuinua uso. Mama alikuwa ameshika kikombe hewani. Sote tukamwangalia Wakoli, maana yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kucheka, na kulipeleka neno lile Chwele, na kulirudia kila sikukuu.

Wakoli akaweka chai chini. Akaokota mto, akapiga magoti mbele ya kiti, akauweka kifuani mwa Khocha, kisha akamzungushia mikono yote miwili, kidevu chake begani mwa mwenzake.

"Kohoa, mjinga wewe. Nimeshika."

"Wakoli..."

"Nimeshika, bana. Nikisikia umekibana tena, nitaenda kutangaza Chwele kwamba Wakhungu wa Kabuchai aliogopa kikohozi. Kisu hakuogopa. Msumeno hakuogopa. Ati kikohozi!"

Khocha akakohoa. Akasema "mayi" tena, akakohoa tena, na Wakoli akawa anahesabu kwa kuguna, kama watu wanaosukuma trekta lililokwama matopeni. Nilikimbia kuleta beseni. Kilichotoka kilikuwa kizito na cha manjano, na ningeweza kukieleza zaidi, kwa sababu nilikiangalia vizuri, lakini Mama amenikataza.

Walipomaliza, wote wawili walikuwa wamelowa jasho.

"Lete hizo dawa nyeupe," Wakoli akaniambia. "Mbili zake." Akaokota kikombe chake. "Mimi niongezee chai."

Hasina alikuja asubuhi, akasikiliza mgongo, akahamisha chombo chake cha kusikilizia chini, akasikiliza tena. Joto lilikuwa limeshuka. "Hewa imefika," akasema, na akaahirisha safari ya Eldoret. Hakuuliza imefikaje. Khocha akaanza kumeza dawa bila kukumbushwa, kukohoa na mto wake, kutembea mpaka langoni na kurudi. Mipira ikawa inapanda miwili, na wa tatu unatetemeka chini kama unaofikiria.

Jumamosi mchana nilimkuta barazani akianika miguu juani. Jirani alikuwa amezima redio, jogoo wa Wakoli alikuwa tayari ameshaliwa, na kulikuwa na kimya. Nikamwomba tena niweke sikio.

Nikasikia. Kitu kidogo, kikavu, ti, ti, ti, kama mtu anayegonga kikombe kwa ukucha ndani ya chumba cha mbali. Nilishika pumzi yangu ili nisikipoteze. Nilitaka kumuuliza kama yeye hukisikia kwa ndani, na kama kinamzuia kulala, na kama kikienda mbio anajua kabla ya kuhesabu mapigo. Lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Nabwile. Kuna kitu uliniuliza Kabuchai, ukiwa mdogo."

Nikainua kichwa. Sikujua kama alikuwa akikumbuka.

"Siku ya ng'ombe," akasema. Akaangalia barabarani, akaangalia mlango wa jikoni alikokuwa Mama, akaukumbatia mto wake ingawa hakuwa anakohoa. Na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akiongea kwa sauti ya chini.

"Iliuma. Kuliko hii. Hii angalau walinilaza usingizi kwanza."