Boza Lililokuja Kumwagilia Mbio

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ndani ya gari kupitia dirishani, kama mwizi. Milango yote ilikuwa imechomelewa. Fundi Mkuu, mtu wa Lupaso asiyecheka bure, alinieleza kuwa mlango unaofunguka humtema dereva gari linapobiringika. Ndani hamkuwa na kitu. Viti vya abiria vilikuwa vimeng'olewa na vioo vimetolewa, na kukizunguka kiti changu yalifungwa mabomba ya chuma tuliyoyaita kizimba, ili paa likibonyea kichwa kibaki na nafasi yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekaza nati?"

"Nimekaza."

"Rudia."

Nikarudia. Tangu hapo kila kitu nakihesabu mara mbili, hata maandazi mezani, na mke wangu ameshachoka kunisema.

Kwa msiojua, zile zilikuwa mbio za magari ya kawaida, sedani kuukuu ambazo juzi tu zilikuwa teksi. Hatukukimbia kwenda mahali. Tulizunguka uwanja wa mchanga wenye umbo la yai, tukikata kona za kushoto tu mpaka bendera ya mwisho, na kingo zake zilikuwa magunia ya korosho yaliyojazwa mchanga. Yetu ilikuwa ligi ya chini, ya kanda. Juu yake ilikuwepo ya taifa, Dar es Salaam, ambako dereva ana mshahara, bima, na matairi ambayo hayajawahi kubeba abiria.

Nilianzia Masasi, chini ya Mkurugenzi wa Timu. Alikuwa muuza salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, na jina la duka lake lilichorwa ubavuni kubwa kuliko namba ya gari. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: "Ukishinda, nauza salfa. Ukipinduka, lalia upande usioandikwa."

Alipofungua duka Newala, nikahamishiwa huko. Kule juu mlimani kazi ilikuwa nyingine. Mchanga ni laini, kwa hiyo unapunguza upepo kwenye matairi mpaka yabonyee kidogo, ndipo yashike. Halafu kuna vumbi. Anayeongoza anaona, waliobaki wanaendesha kwa masikio, wakisikiliza injini ya mbele inapolegea kuingia kona. Mimi masikio ninayo. Misimu kadhaa hakuna aliyenisumbua.

Ndipo Msimamizi wa Mashindano akaja kutoka Dar es Salaam. Timu moja ya taifa ilikuwa na nafasi ya dereva, na atakayeshinda Newala mbele ya macho yake angeondoka naye. Umri wangu ulikuwa umeshaanza kusemwa pembeni. Nilijua nafasi ya pili haitakuja.

Lakini kanuni za taifa zilitaka uwanja wa mchanga umwagiliwe kabla ya mbio, vumbi litulie na ardhi ishikane. Bila maji, bendera haipandi. Msimamizi akaagiza boza la maji kutoka bondeni. Hakuna aliyemwambia kwamba Newala maji hupandishwa kwa mashine, na mashine ile ilikuwa imekufa tangu wiki iliyotangulia, mabomba ya mji yakakauka.

Boza likaingia uwanjani, likafunguliwa bomba la nyuma, maji yakaanza kumwagika mchangani. Kisha Mama Shadia, mama mtu mzima wa mtaani kwetu, akavuka magunia na ndoo yake, taratibu, akaikinga. Akafuata wa pili. Mara ndoo, madumu, mabeseni, foleni mpaka barabarani.

Msimamizi akanishika bega. "Wewe ni wa hapa. Kawaambie wapishe."

Nikaenda, kofia ngumu mkononi. Kupatana ndiyo kazi ninayoijua kabla hata ya usukani.

"Shikamoo, Mama Shadia."

"Marahaba, Baba Saidi. Mbona huna ndoo?"

"Mama, haya ni maji ya mbio. Tugawane. Nusu yenu, nusu ya uwanja."

"Kwani uwanja una kiu?"

"Basi robo. Kona tu, Mama. Kona zenyewe mbili."

"Hizo kona zinapika? Zinaogesha wajukuu?"

Foleni nzima ikacheka. "Sogea, mwanangu," akasema, "unaziba bomba."

Nikageuka nitafute mwenye moyo laini zaidi. Niliyemwona ni mke wangu, Mama Saidi, ndoo moja kichwani, nyingine mkononi.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nipokee hii."

Nikaipokea. Nilikuwa bado nimeishika Msimamizi alipopanda gari lake na kufunga kioo.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi wa Timu aliniita dukani. Nafasi ilikuwa imechukuliwa na dereva wa Mtwara, mtu niliyemwacha nyuma kila tulipokutana.

"Ana nini huyo ambacho mimi sina?"

"Uwanja wao ulilowa," akasema, akaendelea kupanga mifuko yake.

Nikarudi kuzunguka na ligi ya kanda mpaka mgongo ulipokataa kupita dirishani. Hakukuwa na sherehe. Mkurugenzi alinipa mkono, akaniuliza kama namjua kijana mwembamba. Shingo yangu imeinamia kushoto, na kiinua mgongo ni neno ninalolisikia redioni.

Madereva chipukizi wa Tandahimba huja kuniuliza habari za kona na upepo wa matairi, nami huwaeleza. Mwishoni huuliza kama wale akina mama walikosea. Nimelipima swali hilo mara mbili, na zaidi. Hapana. Jioni ile Saidi na wadogo zake walioga wote, na mimi nikaoga.

Siku hizi Mama Shadia anauza uji sokoni. Nikipita namwamkia, maana ni mkubwa wangu, naye huniitikia vizuri tu. Watu wanasema Newala nzima hakuna uji kama ule. Mimi sijui, sijawahi kuuonja.