Meno Niliyoyajaza kwa Penseli

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya picha lilikuwa kuwajazia watu meno. Huku Ukambani, watu wa rika la wazazi wangu walichongwa meno ya mbele yakawa na ncha, na huo ndio uliokuwa urembo wao. Sisi tuliosoma misheni tulifundishwa kuyaonea haya. Basi mteja mwenye meno hayo nilimhurumia kimya kimya, nikaitengeneza picha yake bila kumwambia.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Kamera niliinunua kwa Mhindi mwenye duka aliyechoka nayo, nikajifunza kwa kuharibu. Nilipanga chumba nyuma ya duka pale Kanyangi, nikaziba dirisha kwa magunia, na humo nikachoshwa na joto, na harufu ya dawa za picha, na hofu. Hofu ilinichosha zaidi. Picha yenye doa dogo kama punje ya wimbi niliirudia mpaka karatasi zikaisha.

Kamera ile ilishika sura kwenye kipande cha kioo, mambo yakiwa kinyume: penye giza usoni palitoka wazi, penye mwanga palitoka peusi. Ukipapaka penseli mahali palipo wazi, picha ikitolewa kwenye karatasi panakuwa peupe. Ndivyo nilivyofuta makunyanzi na kuziba mianya ya meno. Niliona ni wema.

Wakati wa ukame alikuja mama mmoja kutoka Kalamba, ng'ambo ya mto Athi, pamoja na mke mwenzake. Alibeba kibuyu cha maji. Picha huoshwa kwa maji mengi, na maji yalikuwa ya kuchimbwa kwenye mchanga wa kijito kilichokauka, kwa hiyo kila mteja alikuja na yake. Miguu ya mama huyo ilikuwa imevimba.

Mwanawe alikwenda pwani kufanya kazi ya reli angali kijana mdogo, hakurudi. Jirani yao aliyekutana naye huko alikuja na habari kwamba kijana ameanza kusahau uso wa mama yake. Jirani huyo angerudi pwani mvua zikianza.

"Mimi siwezi kufika huko," mama akaniambia. "Wacha uso uende."

Alicheka kwa haya mbele ya kamera, meno yakaonekana. Wakalala kwa jamaa yao pale sokoni, nami nikainamia kile kioo na penseli hadi vidole vikafa ganzi.

Walipokuja kuchukua picha, mke mwenza aliitazama kwanza, akajipiga paja. "Ee! Mume wetu angemwona huyu, angeongeza mbuzi wa mahari!"

Mwenyewe hakucheka. Aliigeuza picha akaangalia nyuma, akaigeuza tena. "Huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni wewe, mama. Nimekupendezesha kidogo. Kijana atafurahi kuona hujazeeka."

"Mwanangu, ulinisikia nikikulilia habari ya uzee?"

"Hapana, mama."

"Meno haya nilichongwa kwa patasi, nimelala chali, na sikupiga kelele. Huyo mwanangu wa pwani, alipokuwa mdogo, alikuwa akitia kidole hapa katikati, namng'ata, anacheka. Sasa atatia wapi kidole?"

Aliniambia nifute nilichokichora, kisha nimpelekee picha mimi mwenyewe huko Kalamba, kwa sababu miguu yake haikuwa na safari nyingine. Nikakubali. Lakini nilipokuwa nikifuta kwa tapentaini nilisugua kupita kiasi, na ile ngozi nyembamba juu ya kioo, iliyoshika sura, ikachanika pale pale mdomoni.

Ningeweza kumpa yule jirani ile picha iliyojazwa, iende pwani hivyo hivyo. Nililiwaza jambo hilo, sitaficha. Badala yake nilifunga vioo vipya ndani ya blanketi, nikabeba kamera na miguu yake ya mbao, nikavuka Athi maji yakiwa magotini. Nilifika Kalamba nimechoka hata salamu zilinishinda.

"Ficheni vinywa!" mke mwenza akawapigia kelele watoto. "Fundi wa meno amekuja!"

"Mwaitu," nikamwambia yule mama, kama mtu anavyomwita mama yake kwa lugha yetu, "nimeiharibu."

"Nilijua," akasema. "Nikae wapi?"

Nilimkalisha upande wa kivuli wa ghala. Kamera yangu ilitaka mtu atulie, na kicheko hakitulii. Mke mwenza akasimama nyuma yangu, akasema neno juu ya mume wao ambalo siwezi kuliandika hapa. Mama akacheka, nami nikafungua kamera.

Kidevu kilitikisika. Niliona hivyo nilipoisafisha picha Kanyangi kwa maji ya kibuyu alichonipa. Wekundu wa udongo na buluu ya shanga zake vilikuwa vimepotea, kama ilivyo kawaida. Kwenye karatasi hubaki giza na mwanga tu. Nilitazama lile giza kati ya meno, na mikunjo iliyokimbilia machoni, nikaona humo ndimo alimokuwa. Ndivyo vitu ambavyo siku zote nilikuwa nikivifuta.

Hata hivyo nilishika penseli kwa ajili ya kidevu. Nikaiweka, nikaishika tena. Mwishowe nikaiacha, na sijui kama niliiacha kwa busara au kwa uchovu.

Mvua zikaanza, jirani akaondoka na picha. Aliporudi msimu mwingine alipitia kwangu.

"Ilifika?" nikamwuliza kabla hajaketi.

"Ilifika. Lakini fundi, karatasi zako ni mbovu. Ile imekwisha kuchakaa hapa mdomoni. Kila kijana akiishika, kidole kiko hapo."

Bado doa dogo kwenye picha huninyima usingizi. Lakini penseli sasa naitumia kuandika majina nyuma ya picha, na uso wa mtu siugusi bila kumwuliza.