Njia Niliyosema Nimeipita

Mwenyekiti wa kamati alimwamkia mama mkwe wangu vizuri tu. Shikamoo yake ilikuwa kamili, na kichwa aliinamisha. Mama akaitikia marahaba. Kisha mwenyekiti akamwambia, kwa sauti ileile ya heshima, "Bibi, tuchukulie huyo mtoto ukamchezeshe nje kidogo. Sisi huku tunapanga mambo ya mlima."

Mama akasimama, akanyoosha mikono nimpe mwanangu. Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nilipiga daftari mezani, kalamu zikadondoka, nikasema, "Haendi popote. Kama kuna mtu wa kutoka humu ndani, ni mimi."

Mjumbe mmoja akasema, "Mwacheni katibu. Mtoto anaota meno, ila anayeuma ni mama yake." Wakacheka.

Nikakaa. Ndiyo, nilikaa. Hasira yote ile na bado sikusema neno moja lililotakiwa kusemwa. Mama akamchukua mtoto akatoka.

Mimi ni mtu wa Kilosa mjini, Magomeni, kwenye tambarare. Nimeolewa huku juu, upande wa Vidunda, ambako hata kwenda kwa jirani kuomba chumvi ni kupanda. Nimemaliza kidato cha nne, na huku hilo linatosha kukufanya katibu wa kila kitu. Mume wangu ni mpishi kwenye nyumba ya wageni Mikumi, na yeye ndiye aliyeleta habari kwamba wageni wakishaangalia wanyama siku mbili wanachoka kukaa garini, wanauliza kama kuna mlima wa kupanda kwa miguu. Kijiji kina msitu wake wa hifadhi. Kamati ikaundwa, tukaambiwa tupange njia ya mzunguko: wageni wapandie upande mmoja, wavuke migongo yote mitatu ya mlima, washukie upande mwingine, kwenye mto unaopita chini ya kijiji, kwa sababu mgeni hapendi kurudi alikopita. Iwe safari ya kutwa, ya watu wenye mapafu. Na kabla ya yote mtu aipite na simu yenye programu ya kurekodi njia, ili ramani ipatikane.

Mwenyekiti alipouliza nani ataipita, nilinyoosha mkono. Hakuna aliyenilazimisha. Wanawake wa huku wananicheka ninavyopanda, wananiita mtu wa lami, na mimi nilitaka siku moja wanyamaze.

Njia yenyewe nilikuwa sijui hata inaanzia wapi. Anayeijua ni mama mkwe. Kwao ni ng'ambo ya mlima. Ameupita akiwa msichana, ameupita na mimba, ameupita kwenda kuzika wazazi wake. Upande wa kushukia ni njia waliyokuwa wakirudia masika, mto ukijaa.

Tulitoka alfajiri. Mwanangu ana miezi minane, na mama ndiye aliyembeba mgongoni. Mimi nilibeba daftari, simu na chupa ya maji. Alikuwa akipanda huku anaongea, wala hahemi. Jiwe hili likilowa linateleza, wapitishe kushoto. Chemchemi ile kiangazi haina kitu, usiwadanganye wageni, kuna nyingine chini ya mikuyu. Mara nyingine anachanganya na Kividunda, nami nakielewa nusu, namwomba arudie. Nilijaza kurasa mbili.

Kwenye mgongo wa pili miguu ikanigomea. Ilitetemeka yenyewe kama ya mbuzi aliyezaliwa asubuhi hiyo. Nikatapika, nikakaa kwenye majani.

"Mwanangu, umefika?" mama akauliza.

"Nimefika, mama. Mbele siendi."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akamfungua mtoto, akanipa, akasubiri nimnyonyeshe. Kisha akachukua simu akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Hiki kinapima chenyewe au kinataka kusomewa?"

"Kinapima chenyewe."

"Basi shukeni polepole, mnisubiri mtoni. Mimi nitazunguka." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Ila ukiandika, na mimi uniandike. Hao wageni nataka niwapeleke mimi."

Nikamwahidi. Nilishuka na mtoto kifuani, sehemu nyingine kwa makalio. Saa kumi na moja jioni mama akatokea upande wa pili wa mto, katambuga zimejaa tope, mkononi ana uyoga kwenye jani la mgomba. Akakaa akanisimulia yote ambayo sikuyaona, nami nikaandika.

Ramani nilikwenda kuichapisha Mikumi, steshenari. Ilitoka na mstari mwekundu uliozunguka mlima mzima. Kwenye kikao mwenyekiti akaibandika ubaoni, akaniuliza, "Katibu, yote hii umeipita?"

Nikasema, "Ndiyo."

Hakuna aliyenishika koo. Neno lilitoka laini, kama la kweli. Wakanipigia makofi. Mmoja akasema, "Mtu wa lami kaumaliza mlima na mtoto mgongoni." Wakaniuliza kwa nini mstari una kijitawi pale juu, nikajibu bila kupepesa macho kwamba nilikwenda kuangalia maji. Aliyekwenda kuangalia maji alikuwa shambani siku hiyo, anapalilia.

Wakaja kwenye majina ya watakaowaongoza wageni. Wakataja vijana wanne. Nikataja na mama.

"Bibi yule?" mwenyekiti akasema. "Mlima ule kwa umri ule? Tutakuja kubeba mtu."

"Na wageni wakimwuliza kitu kwenye ramani, atasoma nini?" akadakia mwingine.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni: huo mstari ni miguu yake. Lakini kulitoa ilikuwa lazima kwanza nirudishe makofi, nami makofi nilikuwa nimeshayapenda. Nikainama nikaandika kwenye muhtasari: kikao kimeona mama aliyependekezwa hana uwezo wa kupanda. Mwandiko wangu ni mzuri, walimu walikuwa wakiusifu.

Nyumbani mama aliniuliza, "Umeniandika?"

"Bado wanajadili, mama."

Akanisadiki. Wiki tatu aliniamini. Aliniomba nimfundishe kusema kwa Kiingereza kwamba jiwe hili linateleza, nami nikamfundisha, jikoni, huku anachambua mboga. Alikuwa akirudia polepole mpaka ulimi ukazoea. Nikimkumbuka anavyorudia, uso unanichoma hata nikiwa peke yangu.

Kwa hiyo siku ile alipotolewa nje na mtoto, alikuwa amekuja kikaoni akijua anakuja kwenye kazi yake. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Kumbe wengine wameshaandikwa." Nikamwambia yote hapohapo: makofi, kijitawi, muhtasari. Nilitamani anitukane. Mlangoni akanikabidhi mtoto.

"Mimi sijui kuandika," akasema. "Wewe unajua. Kaandike."

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Akasoma barua mara mbili.

"Mlalamikaji wewe, mlalamikiwa wewe. Hii haijawahi kuja hapa."

"Leo imekuja."

"Si mngeyamaliza tu kwenye kikao, dada?"

"Kwenye kikao ndiko nilikodanganya."

Akagonga muhuri, nakala moja akanirudishia. Ninayo. Imeandikwa hivi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UTEUZI WA WAONGOZA WAGENI MLIMANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni katibu wa kamati.

Nailalamikia kamati kwa kumkataa mama mkwe wangu bila kumwita wala kumwuliza, na kuteua vijana wanne ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka mgongo wa pili.

Namlalamikia pia katibu, yaani mimi, kwa kukiambia kikao kwamba nimeipita njia yote. Sikuipita. Niliishia mgongo wa pili nikarudi na mtoto. Kuanzia hapo mpaka mtoni ameipita yeye peke yake na simu, na maelezo yote ya maji, mawe na mahali pa kupumzika ni yake. Maneno kwamba hana uwezo wa kupanda niliyaandika kwa mkono wangu nikijua ni uongo.

Naomba uamuzi huo ufutwe. Naomba aitwe kikaoni apewe kiti, aulizwe, na asitumwe kumshika mtoto. Naomba mgeni yeyote asipandishwe kabla yeye hajawapitisha vijana hao mzunguko mzima, na jina lake liwe la kwanza kwenye orodha.

Niko tayari kuitwa mbele ya mkutano wa kijiji kuyasema haya kwa mdomo.

Ni mimi, mlalamikaji na mlalamikiwa wa pili.