Sensor za shule ya mwanangu hapa Sumbawanga zinasoma joto la Dar

Wakuu, za saa hizi. Nimekuja na hasira zangu, na haya yote nimeyaona kwa macho, sijasimuliwa na mtu. Wa kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Binti yangu Skola yuko darasa la saba, shule ya msingi hapa mjini.

Mwaka jana mradi ukaja shuleni kwao. Wafadhili wakagawa sensor za kushika mkononi, kama rimoti vile. Zinapima joto, mwanga, kelele. Watoto wapime wenyewe, waandike, wachore grafu. Wakaiita sayansi ya data.

Wazazi tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Sasa sikieni.

Mwalimu mkuu akazifungia kabatini ofisini kwake, na nailoni zake, zisije zikachakaa kabla wageni hawajarudi. Mnavijua vile vikombe vya sebuleni ambavyo hata mwenye nyumba hajawahi kunywea chai? Ndio hivyo hivyo.

Somo linafundishwaje? Mwalimu wa sayansi anafungua kitabu cha mradi, kimeandikwa huko Dar, ananakili jedwali la mfano ubaoni. Joto la darasa saa mbili asubuhi: nyuzi 31. Watoto wanaandika 31. Kesho 31. Wanatafuta wastani, 31. Grafu imenyooka utadhani lami mpya.

Mwezi wa saba, wakuu! Ufipa hii hii! Watoto wamevaa sweta mbili mbili, mwalimu kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, na chaki inaandika 31.

Kosa la Skola? Asubuhi ya zamu yake ya kufuta vumbi ofisini alichukua moja, akavuta kile kikaratasi kinachozuia betri, akaenda kuiwasha darasani. Ikasoma 11.

Akaandika 11.

Akafukuzwa wiki tatu. Eti kachezea mali ya mradi na kaharibu data. Mock ya mkoa ilikuwa wiki inayofuata.

Sikulala na hilo. Nikamshika mkono, tukaenda ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mama Skola, mwanao ametuaibisha. Wageni wakikuta 11 peke yake katikati ya 31, tutawaambia nini?"

"Waambieni kuna baridi."

Mwalimu wa sayansi akakohoa ili asicheke. Mkuu akaweka ile sensor mezani, inasoma 12. "Unaona? Ameshaiharibu."

Skola akasema taratibu kutoka mlangoni, "Mwalimu, iwekeni kwapani muone."

Hakuna aliyesogea. Nikaichukua mimi, nikaisokomeza ndani ya koti langu. Tukatazamana ofisi nzima, mimi nimebana mkono kama napimwa homa. Nikaitoa. 31, na ilikuwa bado inapanda.

"Haya mwalimu, 31 yenu hii hapa. Darasa zima linasomea kwenye kwapa la nani?"

Mkuu akairudisha sensor kabatini, akasema, "Arudi darasani. Ila kwenye daftari afuate ubao kama wenzake."

Nilitaka kumjibu, Skola akanivuta kitenge. Nikanyamaza. Najilaumu hadi leo.

Jana nimekagua daftari lake. Ile 11 ameikata kwa rula, mstari safi kabisa, juu yake 31. Nikamuuliza kwa nini na yeye ndiye alikuwa sahihi.

"Mama, mimi nataka kufanya mtihani."

Basi wakuu, funzo langu ni hili: mradi ukija shuleni, makofi weka akiba mpaka uone kabati limefunguliwa na mtoto ameshika kitu mkononi.

Walimu mliomo humu, semeni ukweli, kwenu zinatumika? Na wazazi wa Mpui, Chala, popote mradi ulipofika, waulizeni wanenu leo hii kisha mje mniambie hapa. Anayetaka kunishauri nimuelewe mwalimu mkuu, aanze kwanza kwa kuvua sweta.