Mashine Zilizonyamaza Msimu wa Pamba

Miaka ya sabini nilipewa umeneja wa kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Wafanyakazi wote walikuwa wanaume, na hawakunikosea adabu. Waliniamkia, wakapokea maagizo yangu, kisha wakaenda kumuuliza fundi mkuu kama wayafuate. Sikugombana nao. Nilidhani watazoea.

Msimu ulipopamba moto, malori yakiwa yamejipanga hadi barabarani, mashine moja ilimkamata mkono mfanyakazi mmoja wa makamo, mtu aliyependa kuimba Kisukuma akiwa kazini. Kinga ya mashine ile ilikuwa imefunguliwa ili kazi iende haraka. Tulimpakia kwenye Landrova kumkimbiza hospitali ya Kolandoto, mimi nyuma naye, nimembana bega kwa kitenge changu. Alifariki kabla hatujafika.

Niliporudi nilikuta mashine zinanguruma.

"Zima zote," nikasema.

Fundi mkuu alitazama nyuma yangu, kama anayetafuta mtu mwingine. "Mama, wakubwa watasemaje? Huu ni msimu."

"Watasema na mimi. Zima."

Akazima.

Kwa mke wa marehemu nilikwenda mwenyewe. Aliiona damu kwenye gauni langu. Akaketi chini taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

Siku ya mazishi nilikaa ndani na wanawake. Huko nje wanaume walikwisha kubaliana kwamba salamu za kiwanda atazitoa fundi mkuu. Mjane akanishika mkono, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, wewe ndiye uliyekuwa naye mpaka mwisho. Toka ukaseme."

Nikatoka. Wazee wakainamisha macho. Nilisema mwenzetu hakufa kwa uzembe wake. Aliwekwa mbele ya mashine isiyo na kinga, na mashine ya namna hiyo haitawashwa tena maadamu mimi ni meneja. Kisha nikarudi ndani.

Kiwanda kililala mpaka kinga zote zikafungwa. Wakubwa walipiga simu, wakafoka. Msimu uliofuata nikahamishiwa ofisi ya mjini, kwenye meza isiyo na kazi.

Nilipokuwa nakabidhi ofisi, fundi mkuu alinifuata nje.

"Mama, meneja mpya ametuambia tufungue zile kinga."

"Mkasemaje?"

"Tumekataa."

Nilitaka kumshukuru, lakini machozi yalinitangulia.