Kisanduku cha Aliyejaribu

Wapo watu wanaodhani ramani za kwenye simu hujichora zenyewe. Tuwasamehe tu. Hawajamwona Bi Mwongozo akipita vichochoroni na viatu vyake vya mpira, daftari kwapani, akihesabu milango huku midomo ikimcheza.

Mama huyu alikuwa karani wa shule kwa miaka ishirini na tisa. Alipostaafu, binti yake alimwekea kwenye kompyuta programu ya kuchorea ramani, ile ya bure, inayotengenezwa na watu wa kujitolea waliotapakaa kila pembe na kukutana kwenye skrini tu. Akasoma maelezo yake, akaona yameandikwa kana kwamba msomaji ni adui. Akayaandika upya. Vitufe vyote akavitafsiri. Wageni wakiuliza maswali, hata yale ya kuchekesha, yeye ndiye aliyewajibu bila kuwachoka, mpaka jina la kuzaliwa likasahaulika, akabaki Bi Mwongozo. Ila msimbo, yaani zile amri ambazo kompyuta huzifuata, hakuwahi kuandika hata mstari mmoja. Na kule msimbo ndio cheo. Mwenye msimbo akikohoa, wote kimya. Asiye nao, hata aseme la maana kiasi gani, ataambiwa asante mama.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hata wenye msimbo walimpa heshima yake. Kila toleo jipya kabla halijatoka, lazima mtu alijaribu mahali halisi, kisha ajaze kisanduku: nani amejaribu, na wapi. Siku zote alijaza yeye, na siku zote aliandika machimboni. Huo ni mtaa ulio nyuma ya machimbo ya mawe. Nyumba zake zimebanana, katikati hupita mtu mmoja tu, ukipiga chafya jirani anakuitikia afya bila kutoka kitandani. Huko ndiko anakoishi wifi yake, mke wa marehemu kaka yake. Wifi humtolea kiti nje, naye huchora nyumba zote kwa kufuata mwongozo wake mwenyewe hatua kwa hatua. Zikilingana na daftari, ndipo anapojaza.

Mwaka mmoja wenzake wa kujitolea wakamchagua mwenyekiti wao, kwa kura chache. Loo, maneno yaliyosemwa! Mmoja akaandika hadharani kwamba sasa chombo kimepewa nahodha asiyejua kuogelea. Bi Mwongozo alijifanya hakuona, lakini hakulisahau. Akaapa kwamba hakuna atakayepata nafasi ya kusema mwenyekiti asiye na msimbo amechelewesha kazi ya watu.

Toleo lililofuata likaangukia wiki ya mvua, na juu yake mikutano mitatu ya mwenyekiti. Yule waliyemwita Mhandisi, mshika msimbo mkuu, aliuliza kila asubuhi kama kisanduku kimejazwa. Majaribio ya kompyuta yote yamepita, alisema, limebaki jina tu. Bi Mwongozo akachungulia dirishani, barabara ilikuwa uji. Alikuwa amemwahidi wifi kwamba leo atafika. Akajiambia atakwenda kesho. Kisha akaandika jina lake, na mbele yake akaandika machimboni. Aliandika bila kusita hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumtesa zaidi. Kesho ilipofika, hakwenda.

Mwezi haujaisha, kamati ya maji ikataka ramani ya mtaa ule ili ipange mabomba. Waliochora ni wanawake wa kujitolea, na kiongozi wao alikuwa yule yule wifi. Wakachora nyumba mia mbili na kumi na nne. Wakabonyeza kitufe cha Safisha kama mwongozo unavyoagiza, wakatuma bila kutazama tena, maana mwongozo hausemi watazame. Kamati ikapokea nyumba sitini na saba. Mtaa uliotarajia mabomba matatu ukapangiwa moja. Watu walipokuja juu, kamati ikaruka: wachoraji wamefanya uzembe, waondolewe, na kiongozi wao aje ajieleze. Huko mtaani nako wakasema wifi amewauza. Wengine wakaacha kumsalimia.

Bi Mwongozo aliposikia, alifungua toleo jipya, akachora nyumba kumi, akabonyeza Safisha. Zikabaki tatu. Zamani Safisha iliunganisha nyumba zilizo karibu kuliko nusu mita, yaani nyumba moja iliyochorwa mara mbili kwa bahati mbaya. Sasa iliunganisha nyumba zozote zilizoachana chini ya mita tano. Mhandisi ndiye aliyebadilisha, na alilitaja wazi kwenye orodha ya mabadiliko. Orodha hiyo Bi Mwongozo aliihariri kwa mkono wake. Sentensi ile aliilainisha mwenyewe, ikasomeka vizuri mno.

Chakula kikamshinda. Binti akadhani ni presha, akamlazimisha kwenda kupimwa. Kwa wifi hakukanyaga. Alimtumia ujumbe wa pole, kama mtu baki, na aibu ya ujumbe ule ilimchoma kuliko kisanduku chenyewe.

Halafu ukaja mkutano wa skrini. Mhandisi alizungumza kwa upole, akimlinda mwenyekiti wake, na afadhali angefoka.

"Toleo lilijaribiwa machimboni penyewe, tena na mwenyekiti," alisema. "Kama lilipita pale, basi nyumba zile zimeachana vya kutosha. Waliokosea ni wachoraji."

Akapendekeza kamati ya maji iandikiwe hivyo, na barua iwe na saini ya mwenyekiti. Vichwa vikatikisika kukubali. Hebu fikiria: saini moja, na uenyekiti unabaki. Hakuna ambaye angejua. Na wale watafsiri na waandishi wa maelezo waliosherehekea siku alipochaguliwa wasingeumbuka naye. Ila wifi angezama moja kwa moja, na maji ya mtaa mzima pamoja naye.

Bi Mwongozo akawasha kipaza sauti. "Sikwenda," akasema. "Niliandika nimekwenda, na sikwenda. Wale wanawake walifuata mwongozo wangu neno kwa neno."

Mhandisi akajikaza, akasema msimbo ni wake na lawama wagawane. Bi Mwongozo akamjibu kwamba Mhandisi alichofanya alikitangaza, na yeye mwenyekiti alichofanya alikificha, hayo si mamoja. Barua ya kamati akaiandika palepale, yenye ukweli mtupu, na chini yake akajiuzulu kabla hajaombwa. Yule wa nahodha akaandika neno moja tu: Nilisema.

Kesho yake akaenda machimboni. Wifi alikuwa anafua mlangoni. Kiti hakikuwepo nje. Bi Mwongozo akapiga hodi, akakaribishwa kwa sauti ya chini, akasimama na kueleza yote, mpaka barua. Kamati imejibu asubuhi, imewapa siku saba za kuhesabu upya, akasema, lakini haikuahidi kitu. Wifi aliendelea kukamua shuka.

"Mimi hicho kisanduku huwa nakisoma," akasema hatimaye. "Napenda kuona mtaa wetu umeandikwa. Siku ile nikaona jina lako, nikasema labda amepitia upande wa pili. Lakini nilikuwa nimekutolea kiti, wifi. Kilinyeshewa mpaka jioni."

"Ulijua?" Bi Mwongozo akauliza. "Siku kumi na moja wanakutukana, na unajua? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akaanika shuka, akajifuta mikono kwenye kanga. Kisha akalichomoa daftari kwapani mwa Bi Mwongozo, akatangulia kwenda nyumba ya kwanza. Hakugeuka kuangalia kama anafuatwa.