Halwa Ilishuka Kwanza

Mwaka jana, mvua ya baridi ikinyesha, tulikuwa kwenye basi dogo la harusi kwenda mji wa Qurayyat kwa njia ya milimani. Kwenye wadi, bonde la mto mkavu, tukakuta maji mekundu yamekata barabara.

"Yanafika magotini tu, mama," dereva akamwambia shangazi wa bwana harusi. "Navuka."

Mama yule hakubishana. Alishuka na sinia la halwa ya harusi, akaliweka juu ya jiwe, akakunja mikono.

"Vuka, mwanangu. Kawaambie halwa imebaki huku na mie."

Dereva akazima gari, akinuna. Tulikuwa bado tunamcheka maji yalipopita na mti mzima.

Tulichelewa sana. Siku hizi wingu likitanda mlimani, siulizi nani anaendesha. Nauliza nani kabeba halwa.